Naomba ushauri: niweke nini chini ya tenki la mimea?

Wadau salama, niko Kisauni hapa Mombasa, naandaa tenki la lita 120, lile la kama la kufugia samaki (akwariamu), la maji baridi yaani yasiyo ya chumvi, nataka liwe na mimea hai ya kweli kweli si ile ya plastiki, na kinachonikwamisha ni hii tabaka ya chini. Mchanga wa bahari kila mtu ananiambia niuchote tu ni wa bure, lakini nikiuangalia kwa karibu umejaa vipande vya makombe na matumbawe, nikaudondoshea siki ukachemka povu papo hapo, maana yake una chokaa na utazidi kupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) na ugumu wa maji, na haya maji yetu ya kisima yenyewe tayari ni magumu, birika la chai linashika ukoko mweupe ndani. Kwa hiyo huo nimeutoa kabisa.

Sasa niko kati ya mawili. Udongo wa shamba usio na mbolea, sentimita 2 au 3 hivi, halafu juu niufunike na mchanga wa mto uliooshwa, au mchanga wa mto peke yake na vidonge vya mbolea karibu na mizizi. Nitapanda valisneria na kriptokorini, anubiasi nitaifunga kwenye kipande cha mti ndani ya maji, shina lake likizikwa huoza.

Aliyetumia udongo kwa hili joto letu la pwani, haukuoza ukanuka baadaye? Na mchanga niufanye mnene kiasi gani? Nisaidieni jamani, kabla sijajaza maji.