Naomba ushauri: tangi la chini au la juu kuvuna maji ya mvua Dodoma?

Habari zenu wakuu. Naishi nje kidogo ya Dodoma mjini. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hupata kama milimita 550. Ikikatika, tunanunua maji kwa ndoo hadi msimu mwingine, na yanakula hela kweli.

Nimepiga hesabu. Bati langu ni mita za mraba 80, kwa hiyo mvua ya mwaka ni lita 44,000. Nikitoa yanayopotea, nakinga kama 35,000. Tuko watu sita. Kwa lita 20 kila mmoja kwa siku, Mei hadi Novemba tunahitaji lita 25,000 na ushee. Maji yapo, tatizo ni pa kuyaweka.

Fundi mmoja anasema nichimbe tangi la chini, la tofali na saruji. Mwingine anashauri la juu, la wavu na saruji, maana ufa ukitokea unauona. Udongo wa kwangu ni ule mweusi, kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia. Je, tangi la chini litahimili? Matangi ya plastiki ya ujazo huo bei siiwezi.

Pia mvua za kwanza hushusha vumbi jekundu na vinyesi vya ndege. Mnayamwagaje hayo kabla ya kuingiza tangini? Na klorini kwa maji ya miezi saba mnawekaje?

Waliojenga, hasa Dodoma na Singida, naombeni uzoefu wenu na gharama.