Dandora: babu alipewa nyumba au alipewa choo?

Mjukuu wa Awamu ya Kwanza:
Salamu kwenu nyote. Marehemu babu alipata ploti Dandora, mtaa ulio mashariki mwa Nairobi, katika Awamu ya Kwanza ya mradi wa kugawa ploti, na nyanya amehifadhi makaratasi yake ndani ya sanduku la bati hadi leo. Nilipoyasoma juma lililopita nilishangaa, kwa maana alichokabidhiwa na Baraza la Jiji ni kiwanja, choo, bafu na mkopo wa vifaa vya ujenzi, basi. Sisi tumekua tukiambiwa kwamba serikali ilimjengea nyumba. Naomba wanaoifahamu historia ya mtaa huu wanieleze jinsi ulivyoanza, na ni kwa nini mtu apewe choo kabla ya chumba cha kulala.

Mwalimu Mstaafu:
Mjukuu wangu, makaratasi ya babu yako yanasema kweli. Hapo awali Baraza lilikuwa likijenga nyumba kamili na kuzipangisha, kama zile za Kaloleni na Jericho, lakini baada ya uhuru watu waliohamia Nairobi walikuwa wengi mno, na gharama ya nyumba kamili ilimpita kibarua wa kawaida, ambaye mara nyingi aliishia katika mtaa wa mabanda wa Mathare. Mwaka 1975 ukatiwa saini mkopo wa Benki ya Dunia, na Baraza likapanga kugawa ploti 6,000 huko Dandora, ng'ambo ya Kariobangi, mahali ambapo wakati huo palikuwa pembezoni kabisa mwa jiji. Ploti zilikuwa za mita za mraba 100 hadi 160. Kuhusu choo, fikiria hivi: chumba mtu anaweza kukiinua mwenyewe polepole, leo mawe, kesho mabati, lakini bomba la maji safi na la maji taka hayajengwi na mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo mradi ulianza na kile ambacho mwananchi hangeweza kujifanyia. Wapo waliopata na chumba kimoja pamoja na choo na bafu, na ploti chache ziliuzwa kwa bei ya soko ili faida yake iwapunguzie wengine mzigo.

Fundi wa Eastlands:
Shikamoo Mwalimu. Naongeza jambo ambalo husahaulika, nalo ni kwamba wazo hilo halikupokelewa kwa furaha na kila mtu ndani ya ofisi za jiji. Wapo maofisa walioona ni aibu kumkabidhi mwananchi kitu ambacho sheria za ujenzi hazikukitambua kuwa nyumba, na mvutano huo wa viwango uliichelewesha kazi. Waliokuja kuuokoa mradi, kwa maoni yangu, ni wenye ploti wenyewe, na hasa akina mama, ambao walijiunga katika vikundi vya ujenzi, wakachanga fedha kila mwezi, na kuwajengea wanachama vyumba kwa zamu, kama ilivyo katika chama chochote cha kuzungushiana pesa, ila hapa mwanachama alipokea kuta na paa. Muulize nyanya yako kama alikuwa katika kikundi. Huenda ndiye aliyejenga nyumba mnayosema babu alijengewa!

Mpangaji wa Kudumu:
Nawaheshimu wazee waliotangulia, lakini tusiisimulie Dandora kama hadithi ya wenye ploti peke yao. Mradi uliwaruhusu wapangishe vyumba ili walipe mkopo, na hilo lilikuwa na busara yake, ila matokeo ni kwamba baada ya muda wapangaji walikuwa wengi kuliko wenye nyumba, na wapo wenye nyumba waliohamia kwingine wakabaki kufuata kodi tu. Sisi wapangaji, ambao ndio maskini wenyewe waliokusudiwa tangu mwanzo, tuliingia kwa mlango wa nyuma. Baadaye nyumba za chini zikabomolewa na maghorofa yakapanda juu ya mabomba yaliyopimwa kwa ajili ya familia moja au mbili, kwa hiyo msishangae maji taka yanapofurika uani.

Halafu kuna jaa la taka la Dandora. Lilianzishwa katika miaka ya 1970, mtaa ulipokuwa ukijengwa, ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayajaacha kwenda. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliwapima watoto 328 wa maeneo ya karibu, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Jiji lilipowapeleka watu pembezoni, lilipeleka na takataka zake huko huko.

Mjukuu wa Awamu ya Kwanza:
Nawashukuru nyote. Nimemuuliza nyanya. Alikuwa katika kikundi cha wanawake kumi na wawili, na chumba chake kilijengwa cha tisa, kwa sababu kura ndiyo iliyopanga zamu. Babu, anasema, alikuwa kazini Mombasa muda huo wote na alirudi akakuta paa limeshaezekwa. Mpangaji, hoja yako kuhusu mabomba nimeiona kwa macho yangu: ghorofa yetu ina orofa nne, na choo cha mwanzo kingali pale chini, kuta zake zikiwa za mawe tofauti na jengo zima, kikitumiwa na familia tano. Nyanya amekataa kibomolewe.