Tupeane uzoefu: ni mimi tu huambiwa niko na taifodi kila saa?

Mwenye uzi, Kondele
Wadau habari za jioni. Hii mwaka pekee nimeambiwa taifodi mara nne. Kichwa ikiuma na mwili ikiisha nguvu naingia kwa kemisti, nadungwa kidole, baada ya dakika chache naambiwa "taifodi, na malaria kidogo", natoka na vidonge kwa kabahasha ka kaki. Siku ya tatu nikiskia nafuu zenye zimebaki naweka kwa droo zingojee ingine. Sasa mwezi uliopita homa ilikataa kushuka siku sita, nikaenda hospitali, wakatoa damu kwa mkono wakaenda kuiotesha, majibu ikakuja siku ya tatu: taifodi ya ukweli, na sipro, hizo vidonge za kuua bakteria zenye nimekuwa nikimeza, hiyo mdudu haizisikii tena. Nililazwa nikadungwa seftriaksoni kwa mshipa. Wenzangu mmepitia nini?

Wa maabara, Kakamega
Pole ndugu. Hiyo test ya haraka ya kudunga kidole haitafuti mdudu mwenyewe, inatafuta kinga yenye mwili ilitengeneza, na kinga hukaa miezi mingi hata ukishapona, saa zingine ni malaria tu inafanya isome hivyo. Ya kuaminika ni hiyo ya kuotesha damu, lakini tuitoe kabla hujameza kitu. Ukikuja umeshameza mbili za droo, hapo mdudu anaeza kosa kuota na bado uko naye.

Mama wa watoto watatu, Nyalenda
Sisi ilikuwa kisima. Huku maji iko karibu sana chini ya ardhi na choo za shimo ziko hapo hapo, lakini maji ilikuwa inakaa safi, baridi tamu, nani angeshuku? Watoto wawili wakalala hospitali wakifuatana. Nikaanza kuchemsha na bado mmoja akarudi kuugua, mpaka mhudumu wa afya wa mtaa akaingia kwa nyumba akaangalia tu ile mtungi, kikombe inaelea ndani, kila mtu anazamisha mkono mpaka kwa kiwiko, akaniuliza mama, sasa umechemsha nini? Siku hizi ni jerikeni ya mdomo mdogo, unamimina. Ya kisima ni ya kufua.

Makanga, Nakuru–Njoro
Yangu ni TB, si taifodi. Nilikohoa miezi mbili nikinunua tu dawa ya kikohozi, na Njoro vile kuna baridi abiria hawataki dirisha ifunguliwe. Nyumbani kikombe na sahani yangu zikatengwa, kumbe haipitii kwa vyombo, ni hewa. Dawa ni bure, miezi sita. Wiki ya kwanza mkojo ikatoka rangi ya chungwa nikajua nimeisha, nesi akacheka, akasema ni dawa. Mwezi wa pili nilikuwa nimenona nataka kuacha, bibi ndiye alikuwa ananisimamia kila asubuhi mpaka nimeze.

Mwalimu, Bungoma
Si Julai 2025 watoto walidungwa chanjo ya taifodi, miezi 9 hadi miaka 14? Wangu walidungwa, jirani alificha wake.

Mwenye uzi
@Wa maabara, na hizi za droo?

Wa maabara, Kakamega
Usimeze, usimpee mtu, usimwage kwa choo. Peleka hospitali, uulize watu wa famasia.

Mwenye uzi
Nimezihesabu saa hii. Ziko 14, rangi tatu.