Naombeni ushauri: tunarudisha rangi za miti kwenye ukindu, lakini zinapauka

MwanaWete: Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi ni kikundi cha akina mama Pemba, tunasuka mikeka, misala na vikapu. Bibi zetu walitia ukindu rangi kwa mizizi ya mdaa, manjano na mbegu za mzingefuri. Sasa kila mtu ni rangi ya unga ya dukani, na vijana hata mdaa hawaujui. Tumeamua kuurudisha ujuzi huo kabla wazee waliobaki hawajaondoka nao.

Mdaa unashika vizuri, kahawia yake imeiva. Shida ni njano na nyekundu: zikipigwa jua zinapauka, wateja wanalalamika. Na mizizi ya mdaa tunaifuata mbali zaidi kila msimu. Tufanyeje?

Bi Shazia: Wa alaykumu salaam mwanangu. Anza na ukindu wenyewe. Chukueni kuti changa ambalo bado halijafunguka, na msiumalize mkindu mmoja. Anikeni mpaka uwe mweupe, na jua likitua uingizeni ndani. Ukipata umande unafanya madoa, na rangi haitakaa sawa hata mfanye nini.

FundiRangi: Mnatumia shabu, ile ya kushikisha rangi? Chemsheni ukindu kwenye maji ya shabu kwanza, ndipo muutie rangi. Mzingefuri nao hautoi rangi vizuri kwenye maji matupu, tieni magadi au maji ya jivu. Lakini dada, manjano na mzingefuri jua litazila tu, hata kwa shabu. Ziwekeni kwenye vitu vya ndani: misala, kawa, mkeka wa chumbani. Kikapu cha sokoni kiwe mdaa na weupe wa ukindu, basi. Kinapendeza mno.

KijanaMicheweni: Kwa nini msichanganye na ya dukani kwa nyekundu tu? Watu wanataka rangi kali.

Bi Shazia: Hapana mjukuu wangu. Ukimuuzia mtu mkeka kwa jina la mdaa, uwe wa mdaa. Wa dukani usukwe kando, na bei yake kando.

Msafiri: Kuhusu mizizi, Botswana wanawake wa Ngamiland husuka vikapu kwa makuti ya aina ya mkoche, na kahawia yao hutoka kwenye mizizi ya motlhakola, mti wa jamii moja na mdaa. Soko la watalii lilipokua, mizizi ikachimbwa mpaka ikaadimika karibu na vijiji. Msingoje hayo. Chimbeni upande mmoja wa mti, fukieni shimo, na msimu unaofuata muupumzishe.

MwanaWete: Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Njano tutaibakisha kwenye misala. FundiRangi, shabu kiasi gani?

FundiRangi: Gramu 100 hadi 150 kwa kilo ya ukindu mkavu. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya moto, na jaribuni fungu dogo kabla ya kutia wote.