Tupeane uzoefu: ile dola 95 ya New Jersey, na SNAP (msaada wa chakula wa serikali ya Marekani) inakwama wapi

mpishi_wa_kaunti
Wakuu, kuna aliyeuliza kwa nini shangazi yake wa Jersey City anapata dola 95 za chakula kwa mwezi na rafikiye wa jimbo jingine, kipato kilekile, anaambulia 24. Jibu ni sheria ya jimbo. Kiwango cha chini cha serikali kuu kwa nyumba ya mtu 1 au 2 mwaka huu wa fedha (ulioanza Oktoba 2025) ni dola 24. New Jersey ilijiwekea chake: kwanza 50, kisha 95 mwaka 2023, na tofauti inatoka mfuko wa jimbo. Haiombwi peke yake. Ukikubaliwa SNAP, inaingia kwenye kadi ileile.

Hesabu yenyewe: mzee anaishi peke yake, pensheni 1,800. Toa punguzo la kawaida 209, zinabaki 1,591. Nusu yake ni 795.50. Kodi ya nyumba ikiwa 1,100, kinachozidi hiyo nusu, yaani 304.50, kinatolewa pia. Zinabaki 1,286.50. Asilimia 30 yake, kama 386, hutolewa kwenye kiwango cha juu cha mtu mmoja, ambacho ni 298. Hapo hesabu imeshakula kila kitu, anabaki na cha chini. Bila sheria ya jimbo, 24.

binti_wa_Paterson
Hapo kwenye nusu ndipo watu wengi wanapopotea. Asante.

Kaka_Msomi
Kwa hiyo jimbo limemwongezea kila mtu 95. Mimi ningeita hiyo siasa ya uchaguzi.

mpishi_wa_kaunti
Hapana kaka, soma tena. Haiongezi 95, inajazia hadi 95. Hesabu ikikupa 40, jimbo linatia 55. Ikikupa 140, hupati hata senti ya jimbo.

Kaka_Msomi
Ungeandika hivyo tangu mwanzo.

mpishi_wa_kaunti
Niliandika "kiwango cha chini". Au tuanze na tafsiri ya maneno?

Mzee_wa_Kadi
Acheni ugomvi, kuna balaa kubwa kuliko hilo. Wezi wanabandika kifaa juu ya mashine ya kupitishia kadi dukani. Kinanakili utepe mweusi wa nyuma, na kamera ndogo au kibao bandia kinaiba namba ya siri. Hawatumii siku hiyohiyo, wanangoja tarehe ya hela kuingia. Hela ikiingia usiku wa manane, dakika chache baadaye inanunua maziwa ya unga katoni kwa katoni jimbo la mbali ambalo mwenye kadi hajawahi kulikanyaga. Asubuhi mama yuko kwenye foleni na mkokoteni umejaa, salio sifuri. Na baya zaidi: fidia kwa hela ya serikali kuu iliishia kwa wizi wa hadi 20 Desemba 2024. Baada ya hapo ni hiari ya kila jimbo na mfuko wake. California imeanza kutoa kadi za chipu, kwingine bado tunapitisha utepe kama 1998.

binti_wa_Paterson
Jamani! Sasa mtu afanyeje?

Mzee_wa_Kadi
Badili namba ya siri siku moja kabla ya hela kuingia, kila mwezi. Tikisa mashine kabla ya kupitisha kadi. Ikicheza, ondoka.

dereva_wa_lori
Mimi nasema nunua vyote siku ya kwanza, wezi wakute mifupa.

Mzee_wa_Kadi
Nyama ya mwezi mzima utaiweka wapi, ndani ya lori?

Mama_Kivu
Turudi kwenye sheria, maana ndugu zetu wakimbizi wameguswa. Sheria ya serikali kuu ya Julai 2025 imewatoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi mpaka wawe na grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu). Ukiipata kupitia ukimbizi, husubiri miaka 5. Ukiipata kwa bahati nasibu au kupitia ndugu, mtu mzima anasubiri, mtoto chini ya miaka 18 hasubiri. Basi ombeni grini kadi mara tu mwaka mmoja wa ukimbizi unapotimia. Ile 95 haitawasaidia, kwa sababu inajazia SNAP, haisimami badala yake. Washington na California zina mfuko wa jimbo kwa baadhi ya wahamiaji halali wanaonyimwa SNAP.

Kaka_Msomi
California si walipitisha pia kwa wenye miaka 55 na zaidi wasio na karatasi?

Mama_Kivu
Walipitisha, kisha wakaisogeza hadi 2027. Muswada usio na fungu la bajeti ni sahani bila ugali.

mpishi_wa_kaunti
Na msitegemee majimbo yapanue kwa kasi. Kuanzia Oktoba 2027, jimbo lenye makosa ya malipo (kulipa watu zaidi au pungufu) ya asilimia 6 au zaidi litabeba asilimia 5 hadi 15 ya hela ya chakula yenyewe. Ndiyo maana afisa anadai slipu nne za mshahara na risiti ya kodi. Andika mshahara kabla ya makato, punguzo la asilimia 20 wanalifanya wao. Ukiandika wa mkononi, umeonekana mwongo.

dereva_wa_lori
Na simu ya mahojiano ya SNAP inakuja na namba isiyojulikana. Pokea, hata kama unamdhania anayekudai.