Mnaopanga orodha za timu bora za mieleka bila kutazama mechi, mnatuchosha

Wakuu, salaam. Uzi huu una povu. Kama una haraka, pita kushoto.

Juzi kuna mdau kaleta orodha ya timu kumi bora za mieleka ya wawili wawili tangu dunia iumbwe. Nikashuka nayo mpaka namba kumi, Midnight Express hawamo. Nikauliza kwa adabu kabisa, jamani hawa mmewasahau? Jibu la kwanza: "Hao si walikuwa wanapigwa kila siku?" La pili lilikuwa picha ya Bob Holly na Bart Gunn wa mwaka 1998, na kicheko juu yake.

Bob na Bart! Ni kama mtu aulizwe habari za Simba ya 1993 alete picha ya timu ya bonanza kwa sababu nayo ilivaa jezi nyekundu. Wale wa 1998 walipewa jina tu, na meneja yule yule, basi. Midnight Express ninayoizungumzia mimi ilianza mwishoni mwa 1983 kule Marekani, kwa Bill Watts mwenye kampuni ya mieleka ya Mid-South, ikiwa na Bobby Eaton na Dennis Condrey, na pembeni yao meneja wao, kijana mmoja wa mdomo mrefu na raketi ya tenisi, Jim Cornette. Mwaka 1987 Condrey akaondoka, akaingia Stan Lane. Hao watatu wa ulingoni ndio wa kujadiliwa.

Kinachonikera ni vipimo vyenu. Mnahesabu mikanda ya ubingwa. Mnapima vifua. Mnauliza nani aliingia na muziki mzuri na rangi usoni. Nawaelewa, kwa sababu na mimi nilianzia hapo hapo. Kibanda cha video cha mtaani kwetu kilikuwa na kanda mbili za mieleka zilizokwaruzika, na sisi watoto tulishangilia wenye rangi usoni kabla hata hawajagusa mtu. Lakini nimekua. Nimekaa nimetazama mechi. Nyinyi mnatazama vipande vya dakika mbili kwenye simu halafu mnapanga orodha.

Twende kwenye hili la "kupigwa kila siku". Hao walikuwa maadui. Adui kazi yake ni kumtengeneza staringi, sasa ulitaka amalize mechi kwa dakika tatu aende kula? Tazama mechi yao yoyote na Rock 'n' Roll Express, yaani Ricky Morton na Robert Gibson. Mwanzoni Eaton na Condrey wanaaibishwa: wanagongana vichwa, wanaanguka nje ya kamba, Cornette anapiga kelele kama mama aliyeibiwa kuku. Watu wanacheka. Halafu Morton anakosea kidogo tu, anasogea upande wa kona yao, na kicheko kinaishia hapo. Wanamfungia kwenye kona. Huyu akichoka anamgusa mwenzake mkono kumpa zamu, Morton hapumui. Kila akitambaa kuelekea kwa Gibson, wanamvuta mguu wakati mkono umebaki shibiri moja.

Halafu linakuja tendo ambalo kwangu mimi ndilo kipimo cha timu ya maadui. Morton anafika, anamgusa Gibson mkono, ukumbi mzima unaona, ila refa haoni kwa sababu mmoja wa maadui kamshika maneno upande wa pili. Refa anamrudisha Gibson nje, maana kwa sheria zamu asiyoiona yeye haipo. Nyuma ya mgongo wake Morton anaendelea kuchezea kipigo cha wawili, na raketi ikipata nafasi nayo inapita. Refa ana macho mawili, wao wako watatu. Watu walikuwa wanataka kuruka uzio. Sasa niambieni, ni timu gani kwenye hiyo orodha yenu iliwahi kumfanya mtazamaji amchukie refa kiasi hicho?

Na ushahidi upo. Tarehe 2 Februari 1986, ukumbi wa Omni, Atlanta, waliwanyang'anya hao hao Rock 'n' Roll Express ubingwa wa dunia wa NWA, ule muungano wa makampuni ya mieleka, mwezi Agosti wakanyang'anywa. Nenda katazame. Kaangalie ngumi za Eaton peke yake. Ngumi inafika, kichwa kinatikisika, na mpigwaji kesho yake yuko kazini. Eaton alifariki Agosti 2021, na wenzake wote waliomlilia walirudia jambo moja, kwamba ukicheza naye ulikuwa salama. Hicho ni kipaji. Kutupa mtu ovyo akavunjika hata mbeba zege anaweza.

Condrey au Lane? Swali zuri, ila hakuna aliyeniuliza kwa sababu mko bize kuhesabu mikanda. Kwa kuchukiwa, Condrey. Alikuwa na sura ya mtu anayekudai kodi, hana urembo, kila tendo lake lilikuwa la kukomoa. Kwa mechi kamili, Lane. Alikuja na mateke ya karate na kasi, na Eaton naye akafunguka. Anapanda kamba ya juu na kushuka na mguu shingoni mwa mtu, ile Alabama Jam, au mwenzake anamrusha kutoka juu ya kona amwangukie adui aliyelala, wakaiita Rocket Launcher. Mimi nachagua Lane, kwa unyoya tu, na kesho naweza kubadilika.

Mechi ya kufunga mdomo ninayomuonyesha kila mbishi ni ya tarehe 27 Machi 1988, Greensboro, kwenye onyesho la kwanza la Clash of the Champions. Siku hiyo hiyo wapinzani wao kibiashara, WWF, walikuwa na onyesho lao kubwa, WrestleMania IV. Eaton na Lane dhidi ya Fantastics, Bobby Fulton na Tommy Rogers. Vijana wawili wadogo, wanaoingia wamependeza kama wanakwenda harusini. Ungewaandika kwenye orodha yako? Hata! Kengele inalia hakuna kupima nguvu, ni vurugu moja kwa moja, viti nje ya ulingo, watu wanagongwa kwenye meza. Wale warembo wanapigana kama wamevamiwa nyumbani kwao. Fulton anapandwa na hasira mpaka anamtupa refa nje ya kamba. Wanashinda, wanashangilia, halafu uamuzi unageuzwa kwa sababu ya kosa hilo. Maadui wanabaki na mkanda wa Marekani wakiwa wamechakaa. Usiku ule mastaa Sting na Ric Flair walikwenda dakika 45 bila mshindi, na bado mechi hii fupi ndiyo ninayoirudia.

Sasa msije mkasema natetea kila kitu. Ile mechi ya onyesho la Starrcade 1986, juu ya jukwaa la vyuma lililoinuliwa juu ya ulingo, dhidi ya Road Warriors wenye rangi usoni, ni takataka. Watu wanne wanatambaa wasianguke, unaitaje mieleka? Kinachokumbukwa ni Cornette kuanguka na kuharibu goti. Ya Desemba 1988, Eaton na Lane dhidi ya Condrey aliyerudi na Randy Rose, ilistahili iwe na chuki zaidi ya ile. Na mbinu ya raketi waliitumia mno, mtoto wa darasa la pili angeitabiri.

Lakini tazama pia Julai 1990, Baltimore, na Southern Boys. Tracy Smothers na Steve Armstrong hawakuwa na jina la kutisha mtu. Midnight wangeweza kuwamaliza waende zao. Badala yake Lane anasimama na Smothers wanajibizana kwa karate, watu wanasimama vitini, na vijana wanakaribia kushinda mara ngapi sijui. Mwisho Lane anamchota Smothers teke akiwa nje ya kamba, Eaton anamkunja, moja mbili tatu. Aliyeshindwa alitoka mkubwa kuliko alivyoingia. Timu ngapi za orodha yenu ziliwahi kumpa mpinzani zawadi hiyo? Wenye rangi usoni mpinzani alikuwa anatoka kama gunia.

Hata mikanda, mkiing'ang'ania, walikuwa nayo. Septemba 1988, Philadelphia, wakiwa tayari na ubingwa wa Marekani, waliwapiga Arn Anderson na Tully Blanchard wakachukua wa dunia pia. Yote miwili kwa pamoja.

Kuna atakayekuja na "mieleka ni ya kupanga". Ndiyo, tunajua. Matokeo yanapangwa, ndiyo maana kuhesabu ushindi ni upuuzi na kutazama mechi ndiyo kazi.

NYONGEZA: Naona watatu mmeshaanza kunijibu ndani ya dakika nne. Mechi ya Greensboro peke yake haiishi dakika nne. Nitamjibu aliyeitazama tu. Na wewe uliyeweka picha ya 1998, ifute.