Naomba ushauri: watoto wanashindwa kugeuza gongo wakiwa mbioni

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Naomba msaada kwa makocha na wachezaji wa mpira wa magongo.

Nafundisha watoto wa miaka 9 hadi 12 hapa Moshi, kwenye uwanja wa nyasi wenye mabonde. Wako 22, magongo 14. Kinachonikwamisha ni kuhamisha mpira kulia na kushoto. Sheria hairuhusu kugusa mpira kwa mgongo wa gongo (upande wa mviringo), ni upande bapa tu, kwa hiyo mpira ukiwa kushoto lazima gongo ligeuzwe, ncha itazame chini. Mkono wa kushoto, ulio juu, ndio unaogeuza. Wa kulia unalegea kama bomba, mpini uzunguke ndani yake. Hawa wanabana wa kulia. Gongo haligeuki, wanagusa kwa mgongo, faulo.

Nimewazoeza kugeuza kwa mkono wa kushoto peke yake bila mpira, kisha kwa mpira wa tenisi, halafu kupita koni zilizopishana mita moja. Wakitembea wanaweza kabisa. Wakikimbia, mpira ukidunda kidogo tu kwenye nyasi, vidole vinakaza na macho hayainuki tena.

Maswali yangu:

Nihamie kwanza kwenye saruji ya uwanja wa netiboli hadi mkono uzoee, au nibaki kwenye nyasi wanakochezea mechi?

Na magongo mengi ni ya mbao, marefu, yanawapita nyonga. Nikikata juu ya mpini uzito utahamia chini. Je, ni afadhali washike chini zaidi? Nawahurumia wadogo, wanajitahidi sana.